Mpaka wa Rangi ya Mawese

19 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Wiki mbili sasa tangu msiba; wageni wa matanga wamepungua, wamebaki wanaokuja kula.

Leo wifi Hadija amenipangia eda yangu kama mtu anayempangia mtoto sare ya shule: kanga hizi mbili nyeupe, chumba hiki cha nyuma, pazia hili mlangoni. Hakuna hina, hakuna wanja, hakuna manukato, mpaka miezi minne na siku kumi itimie. Nimemwambia, wifi, najua, madrasa yetu ilikuwa moja. Akanijibu kwamba kujua na kufanya ni vitu viwili. Hadija ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu Hakimu, na tangu niolewe katika nyumba hii ya Rumonge hajawahi kunisalimia bila kunifundisha kitu.

Nimekubali yote. Hakimu nilimpenda, na eda yake nitaikaa kwa heshima. Nimeomba kitu kimoja tu: kompyuta iletwe huku nyuma. Kazi ya secrétariat, ya kuchapia watu barua, ilikuwa yetu sote wawili, yeye akitunza mashine na mimi nikichapa, na mashine yenyewe tuliinunua pamoja, mtaa mzima unajua. Barua za watu hazikufa naye. Elda, Mkongomani mwenye kibanda cha printa hapo mbele, atapokea wateja na kuniletea kazi, nami nitamrudishia kwa flashi. Hadija alikunja uso, akasema ataulizia. Sikungoja aulizie. Elda aliibeba kichwani kwa safari mbili, kaifunika kwa kitenge chake mwenyewe, mvua ikimpiga.

22 Oktoba

Umeme hakuna. Nimefuma.

25 Oktoba

Leo nimefanya kituko.

Mashine yetu ni kuukuu, haiwezi programu nene. Kwa hiyo Hakimu aliiwekea programu nyembamba ya kupanga madirisha, isiyo na picha wala vitufe vya kupendeza: ukifungua dirisha la barua linakaa kushoto, la pili linakaa kulia, na yote ni kijivu. Dirisha unaloandikia lina mpaka wa kijivu kilichokolea kidogo, lingine lina mpaka wa kijivu kilichopauka kidogo. Hakimu aliiona tofauti hiyo. Mimi siioni, na kila nilipomlalamikia aliniambia macho yangu yatazoea.

Hayakuzoea. Leo kushoto nilikuwa na barua ya posa ya familia moja ya Gatete, kulia tangazo la mtu wa Minago anayeuza injini ya mtumbwi. Nikadhani naandika kulia. Elda alirudi akicheka hata hawezi kusimama.

"Dada Zuwena, soma hapa! 'Tunaleta posa kwa binti yenu Aziza, imetumika kidogo tu, haina kelele, bei ni maelewano.' Ee Yesu wangu! Bangelituua!"

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha nikasikia Hadija anakohoa nje ya pazia, nikanyamaza. Lakini baadaye nilikaa nikafikiri: ile barua ingefika Gatete ingekuwaje? Rachid, mdogo wake Hakimu, ameshaanza kusema mjini kwamba mwanamke wa eda hafanyi biashara na kwamba kompyuta ni chombo cha mwanamume. Anataka kuipeleka Nyanza-Lac, afungue secrétariat yake. Kosa moja likitoka nje, atakuwa amepata anachokitafuta. Na mimi bila mashine hii ni nani? Mtoto Mungu hakutupa. Nitapewa kitanda na masufuria, nirudishwe kwetu.

27 Oktoba

Nimelipata faili la rangi. Ni maandishi matupu, mistari na mistari, na kila rangi ina namba yake: alama ya reli (#), kisha herufi na tarakimu, jumla sita. Kwenye kibodi yetu ya Kifaransa tarakimu zinataka ushikilie kitufe kingine, na ile alama ya reli inataka kingine tena, kwa hiyo rangi moja ni mazoezi ya vidole vya mkono mzima.

Nikatafuta mstari wa mpaka wa dirisha linaloandikiwa. Nikauliza nafsi yangu: ni rangi gani ambayo mtu wa Rumonge hawezi kuikosa hata akiwa na homa? Nikaenda jikoni, nikachota mawese kwenye bakuli, nikaliweka kando ya kioo cha kompyuta. Nikajaribu namba, nikatazama bakuli, nikajaribu tena. Ya kwanza ilikuwa chungwa. Ya pili ilikuwa tofali. Ile ya mwisho ilikuwa mawese yenyewe, ya siku ya kukamuliwa, kabla hayajaganda. Mpaka nikauongeza unene. Dirisha lisiloandikiwa nikalipa rangi ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokauka. Nikafungua madirisha mawili, nikahamia hili, nikahamia lile, na mawese yakawa yananifuata.

Kisha nililia. Kijivu kile alikichagua Hakimu, na kukifuta kulikuwa kama kulishusha shati lake msumarini. Nililia nikamaliza. Sikukirudisha.

2 Novemba

Hadija ameiona.

Aliingia na uji, akasimama, bakuli la uji mkononi, akatazama kioo kama aliyemkuta mwizi.

"Hii ni nini?"

"Mpaka wa dirisha, wifi. Unionyeshe naandika wapi."

"Inang'aa."

"Ndiyo kazi yake."

"Muke wetu, wewe uko eda. Hina hupaki, wanja hupaki, halafu unaipamba ordinateur? Watu wataingia hapa waseme nini? Wataona mufiwa anachezea marangi!"

"Eda ni yangu mimi, wifi. Mashine haikufiwa."

Sikupanga kusema hivyo, lilitoka lenyewe. Aliweka uji chini kwa nguvu, ukamwagika. Anasema atamwita Ustadh Ayubu. Amwite. Naweza kumwita mimi pia.

3 Novemba

Mvua. Barua sita, hakuna hata moja iliyopotea njia.

9 Novemba

Ustadh amekuja baada ya alasiri, akaketi sebuleni, mimi nyuma ya pazia. Rachid naye alikuja, hakualikwa. Na Rachid, aliyekula mezani kwangu miaka yote, leo amekuwa mwanazuoni. Anasema sauti ya mjane asiisikie, maneno yote yapitie kwa Hadija.

"Hadija, mwambie muke wa marehemu, ile ordinateur si ya kuchezea. Iko mali ya familia."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilisikia hata alivyomeza chai. Hadija akafungua pazia, akanirudia neno kwa neno, akafunga. Nikamjibu Hadija, Hadija akatoka akamjibu Rachid. Akufukuzaye hakwambii toka, na shemeji yangu hata hiyo toka anaituma kwa mtu.

Ustadh hakuifuata sheria ya Rachid. Aliniuliza mwenyewe, kwa upole, rangi ile ni ya nini. Nikamweleza habari ya madirisha, na barua ya posa, na injini. Alikohoa muda mrefu. Nadhani alikuwa anacheka.

"Basi iko kazi," akasema. "Si pambo. Sema tu hivyo, mama, tufunge maneno."

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Hadija alikuwa ananitazama kupitia ufa wa pazia, na macho yake yalikuwa yananiomba ninyamaze. Lakini mimi kudanganya mbele ya ustadh siwezi, na kuona haya kwa kitu kizuri siwezi pia.

"Ni kazi, Ustadh. Na ni nzuri. Kila asubuhi naiwasha nafurahi kuiona. Kama kufurahi kumekatazwa nionyeshwe."

Nikasikia Ustadh anaweka kikombe chini.

"Pambo la eda liko mwilini mwa mwanamke," akasema Ustadh mwishowe. "Mashine siijui. Lakini nyumba ina watu na watu wana macho. Hadija, Zuwena, mupatane ninyi wawili."

Rachid alitoka bila kuaga.

10 Novemba

Tumepatana, yaani tumegombana mpaka tukachoka. Hadija anataka mgeni akiingia aone heshima. Nikamuuliza heshima ina rangi gani. Akaonyesha kanga yangu.

Vizuri. Mnataka eda? Nitaivalisha eda mpaka mseme basi!

Nimeanza asubuhi. Picha ya ukutani mwa kioo, lile ziwa alilolipiga picha Hakimu akiwa Minago, nimeiondoa. Utepe wa chini wenye saa, nimeuondoa. Alama za faili, nimeziondoa. Majina juu ya madirisha, nimeyaondoa. Orodha inayojitokeza ukibonyeza kipanya, nimeiondoa. Nyuma yote nimeweka nyeupe, namba yake ni rahisi, herufi moja tu inarudiwa mara sita. Katika hasira yangu nikazidisha: nikafanya na maandishi kuwa meupe. Kila kitu kikatoweka. Hadija alipiga kelele.

"Imekufa! Zuwena, umeiua!"

Niliogopa, siwezi kukataa. Lakini kibodi ilikuwa inasikia bado, haioni tu, na mimi nimechapa tangu usichana bila kutazama vidole. Nikaandika gizani, yaani kweupeni, mstari ule ule kwa kumbukumbu, na maandishi yakarudi meusi. Hadija alikuwa ameshika mkono wangu. Alipogundua akauachia.

Sasa mashine ikiwashwa ni kioo cheupe, basi. Huoni kitu, hubonyezi kitu. Ni vitufe tu vinavyofungua: kile chenye bendera pamoja na B, hufungua dirisha la barua. Likifunguka, mawese yanang'aa pembeni. Likifungwa, sanda inarudi.

"Haya," nikamwambia Hadija. "Imefiwa."

Nilimwona anaficha mdomo kwa kanga.

21 Novemba

Ziwa limeingia nyumba za wavuvi. Elda amelala kwetu, godoro lake limelowa. Hadija alimpa kitanda chake mwenyewe, akalala mkekani. Hili sikulitegemea.

4 Desemba

Hadija amechukua mazoea ya kuleta ukili wake na kusuka humu ndani. Anasema huku hakuvuji. Kunavuja.

12 Desemba

Kazi nyingi za shule, mitihani. Hadija anasuka, halafu anasimamisha mkono. "Sasa uko upande gani?" Namwambia kulia. "Ego, ndiyo, minaona, mawese yako kulia." Kisha anaendelea kusuka kana kwamba hakusema kitu.

19 Desemba

Leo amenisimulia jambo. Nilikuwa nachapa, yeye anasuka, mvua kubwa, hatungeweza kutoka hata tungetaka.

Kabla sijaolewa humu Hadija alifiwa na mume wake wa kwanza, na alikuwa na cherehani. Nilikuwa nimesikia kwamba alikuwa fundi, sikujua aliacha kwa nini. Alikuwa katika eda, nyuma ya pazia kama mimi, akasikia shemeji zake wanaingia sebuleni na kuinua kitu kizito. Alijua ni nini kwa mlio wa kikanyagio chake, kilikuwa kinalia kikitikiswa.

"Ulifanya nini?"

"Nilikuwa eda, Zuwena. Nilinyamaza. Niliambiwa mwanamke wa heshima ananyamaza." Akakata ukili kwa meno. "Nilikaa eda vizuri sana. Watu walinisifu. Nilipotoka nilikuwa na sifa, cherehani hapana."

Nimemhukumu mwanamke huyu miaka yote. Nilidhani anapenda sheria kwa sababu zilimfaa. Kumbe anazishika kama mtu aliyelipa kitu kwa bei kubwa mno, hawezi kukubali kwamba alipunjwa. Nikamwomba aje aketi kwenye kiti changu. Nikamwonyesha bendera na B. Alibonyeza kwa kidole kimoja, kama anayegusa chuma cha moto, na dirisha lilipofunguka alisema "Ee!" kama msichana.

2 Januari

Hadija ameandika jina lake. Limemchukua muda mrefu. Anauliza kama kuna rangi ya zambarau.

8 Januari

Jua. Nguo zimekauka.

17 Januari

Siku ya leo naiandika yote.

Rachid amekuja saa sita na nusu mchana, na gari. Amemleta Ustadh Ayubu awe shahidi, kusudi isisemwe kwamba ameiba. Sikumwona, nilisikia viatu, na sauti yake ya kisomi.

"Hadija, mwambie muke wa marehemu, nimekuja chukua ordinateur. Kule Nyanza-Lac nyumba imepatikana. Yeye tutamuachia kitanda na vyombo, na Mungu atamulipa."

Nilisimama. Nilikuwa tayari kutoka mbele ya pazia, na mbele ya ustadh, na mbele ya Rumonge nzima. Hadija aliingia, akanizuia kwa kiganja kifuani. "Tulia," akanong'ona. Mimi nikatulia, sijui kwa nini. Yeye na Elda wakaibeba mashine mpaka sebuleni.

"Iwasheni nione," akasema Rachid. "Voiture iko inaningoja, na essence ya gari siku hizi inatafutwa kama dawa. Sibebi kitu sijakiona."

Nikasikia mlio wake wa kuamka, ule mdogo ninaoujua.

"Mbona nyeupe?"

Nikasikia kipanya kinabonyezwa. Kinabonyezwa tena. Kinapigwa mezani.

"Hakuna kitu! Picha ziko wapi? Menu iko wapi?" Akaizima. Akaiwasha. Mlio, kisha kimya. "Nyeupe tena. Mshale tu unatembea. Hadija, hii ordinateur inafanyaka kazi?"

"Mimi?" akasema Hadija. "Mimi niko mutu wa ukili, Rachid. Ordinateur ninajua nini?"

Niliweka kanga mdomoni.

"Basi muulize yeye!"

Hadija akafungua pazia, akaingia. Tulitazamana. Mwanamke huyu hajawahi kusema uongo, nina hakika, hata wa kumfurahisha mtoto. Alinitazama, akatazama mswala uliokunjwa kitandani, akageuka, akatoka.

"Anasali," akasema.

Na adhuhuri ilikuwa imeingia kweli. Nikatandika mswala upesi, nikanyanyua mikono, nisimfanye wifi yangu mwongo. Mungu anisamehe, katika sala ile masikio yangu yalikuwa sebuleni.

"Disque imekufa," nikamsikia Rachid. "Hakimu alikuwa anaifungua-fungua kila siku, ameiharibu. Nipakie mufu kwa gari, nilipe na usafiri? Oya, hapana. Iliyokufa abaki nayo mujane."

"Unasema mbele yangu?" Ustadh akauliza.

"Ninasema mbele yako. Iko yake. Nitatafuta ingine."

"Tumesikia, Hadija?"

"Tumesikia, Ustadh. Hata Elda amesikia."

"Nimesikia, haki ya Mungu!" akasema Elda.

Gari likaondoka. Nilipotoa salamu ya mwisho na kutoka, Ustadh alikuwa bado anatafuta kiatu chake. Hadija alikuwa mbele ya mashine, amesimama. Akanyoosha kidole, akabonyeza bendera, akabonyeza B. Mawese yakawaka sebuleni. Ustadh alitazama kioo, akatutazama sisi, akapata kiatu chake haraka sana.

"Amahoro," akatuaga, akaenda.

Hadija akaketi kwenye kiti akaanza kulia, kilio cha sauti, cha mtu anayelia deni la zamani. Nilimshika mabega. "Kile kikanyagio," akawa anasema, "mpaka leo ninakisikia." Mimi nililia naye, kwa cherehani yake, kwa Hakimu wangu, na kwa furaha pia, na sioni haya kuandika.

30 Januari

Matone machache. Kazi za kutosha.

11 Februari

Nimetoka eda.

Nimeoga, nimevaa kitenge cha kijani, Hadija amenipaka hina kwa mkono wake, amenikosoa jinsi ninavyokaa hina ikikauka. Mashine imerudi mbele, kando ya printa ya Elda. Picha ya ziwa ya Hakimu nimeirudisha ukutani mwake. Saa nimeirudisha, juu, si chini. Mawese yamebaki pale pale, na dirisha la Hadija lina mpaka wa zambarau, maana sasa anachapa matangazo madogo kwa vidole viwili.

Rachid alifika kabla ya alasiri. Nyanza-Lac si mbali, na maneno hayahitaji essence. Alipita kati ya wateja, akasimama mbele ya kioo, akakitazama muda mrefu, ziwa, saa, mawese.

"Mulisema imekufa!"

"Ulisema wewe, shemeji. Mimi ulinikataza nisiseme nawe."

"Ilikuwa nyeupe! Hakukuwa kitu! Mbele ya Ustadh, niliiona kwa macho yangu, imekufa!"

Miezi yote hii nilikuwa nimejiandalia maneno makali, nayaokota usiku na mchana kama mtu anayeokota kuni. Sikuyahitaji hata moja. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nikampa mkono wangu wenye hina.

"Haikuwa imekufa, shemeji. Ilikuwa eda. Sasa tumetoka wote."

Hakuupokea mkono. Nikamuuliza kama ana barua ya kuchapa. Hakuwa nayo, na nyuma yake watu walikuwa wamepanga mstari mpaka barabarani, kwa hiyo nikamwomba asogee.